Mfuko wa Bibi Nungu Usiokuwa na Ndani

Sogeeni karibu na moto. Si karibu hivyo, Mwanakheri, utaunguza pindo la gauni. Mahindi yakiiva nitawaambia, sina nia ya kuyala peke yangu, au nia ninayo lakini meno sina. Sasa fumbeni macho. Mwoneni nungunungu ameketi kwenye kivuli cha kichuguu, miguu kainyoosha mbele, donge la uzi mapajani. Miiba yake yote imelala mgongoni isipokuwa mmoja, na huo mmoja ameushika mkononi. Mnamwona? Msifumbue bado.

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa uzi.

Uzi wa nani?

Wa anayesikiliza.

Basi ncha moja ninayo mimi, ncha nyingine mnayo ninyi. Atakayesinzia atauangusha. Twende.

Hapo kale, kale ya wazee wa wazee wetu, wanyama walipokuwa wakiamkiana asubuhi na kusutana jioni, aliishi Nungunungu, fundi wa kufuma. Wote walimwita Bibi Nungu. Siku moja aling'oa mwiba wake mmoja, akaipasha ncha yake motoni, akaikunja ikawa kulabu. Kwa kulabu hiyo aliuvuta uzi wa pamba ndani ya kitanzi, akapata kitanzi kingine. Akavuta, akapata kingine. Akavuta, akapata kingine, na mnyororo wa uzi ukazaliwa. Vuta, pitisha, vuta. Vuta, pitisha, vuta.

Kobe alivaa kofia ya Bibi Nungu. Bundi alivaa shali ya Bibi Nungu. Jongoo alivaa soksi za Bibi Nungu kwenye nusu ya miguu yake, na za nusu nyingine alikuwa akizingoja kwa subira.

Sasa bondeni, karibu na mto, Mama Kware alikuwa ametaga mayai yake chini, kwenye majani, kama kware wote. Asubuhi moja aliona mstari mweusi unapita mbele ya kiota. Walikuwa siafu. Walikuwa wanatoka bondeni wanakwenda mlimani, wamebeba watoto wao vinywani, hawasalimii mtu.

Mama Kware akajua. Siafu wakihama, mto unakuja.

Akakimbia mpaka kwenye kichuguu.

"Hodi, Bibi Nungu. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

"Mto unakuja, Bibi, na mayai yangu yako bondeni. Nikiyabeba kwa mdomo nitayatoboa. Nikiyabeba kwa kucha nitayaangusha. Nikiyaacha, yatakwenda na maji. Nifumie mfuko niyapandishe mlimani."

"Siafu wameanza kupita lini?"

"Leo."

Bibi Nungu akaipuliza kulabu yake. "Basi kalale. Siafu wa mwisho hatapita hapa kabla mfuko wako haujakwisha. Nimesema mimi, Nungu binti Nungu."

Akaanza. Vuta, pitisha, vuta. Mnyororo ukarefuka, ukamwagika mapajani, ukajiviringa kama mtango unaotafuta mti wa kuparamia.

Ngojeni hapa kidogo niwaonyeshe kitu. Mnyororo wa uzi una uso na una kisogo. Usoni vitanzi vimelaliana laini, kama msuko wa nywele. Kisogoni pana vinundu, kama mgongo wa mbuzi aliyekonda. Fundi anayetaka kufuma mfuko huanza na mnyororo, kisha huziunganisha ncha zake mbili zikawa duara, kisha hulizunguka lile duara kwa kulabu, mzunguko juu ya mzunguko. Lakini kabla hajaunganisha, huulaza mnyororo chini na kuuangalia. Uso uwe juu toka mwanzo mpaka mwisho. Pakiwa na mahali umejipindua ukaonyesha kisogo, hapo haunganishi mpaka aunyooshe.

Bibi Nungu alilijua hilo. Aliwafundisha hata buibui.

Ila wakati ule ule aliposhika ncha mbili, Tumbili alipita juu ya matawi. "Salamu, Bibi Nungu," akasema Tumbili. "Mikono hiyo ingeweza kufuma hata upepo."

Bibi Nungu akainua kichwa apate kusifiwa vizuri. Sifa ni tamu, wanangu, nyingine husikilizwa kwa macho. Macho yalikuwa juu kwa Tumbili, mikono ilikuwa chini kwenye uzi, na mikono haina macho. Ikaunganisha.

Akafuma kuzunguka. Alipofika alikoanzia, hakukuta alikoanzia. Alikuta kisogo cha alikoanzia.

"Ajabu," akasema Bibi Nungu. "Lakini njia ni njia." Akaendelea.

Mama Kware akaja kutazama. Mstari wa siafu ulikuwa mpana kama mkia wa mamba.

"Bibi Nungu, mbona umejipinda?"

"Utajinyoosha mbele ya safari, mwanangu."

Akafuma, akafuma. Vuta, pitisha, vuta. Mama Kware akaja tena. Mstari wa siafu ulikuwa mwembamba kama mkia wa ng'ombe.

"Bibi Nungu, mbona bado umejipinda?"

"Utajinyoosha mbele ya safari, mwanangu."

Akafuma, akafuma, akafuma. Mama Kware akaja mara ya tatu. Mstari wa siafu ulikuwa mwembamba kama mkia wa panya, na kutoka mtoni ilisikika sauti kama mtu anayekoroma.

"Bibi Nungu..."

"Utajinyoosha," akasema Bibi Nungu, lakini safari hii alisema polepole. "Imebaki kuziba kitako tu. Nishikie hapa."

Akatafuta ukingo wa chini wa mfuko ili auzibe. Akaushika, akaufuata kwa kidole. Ukampeleka, ukampeleka, ukamfikisha mdomoni. Akasema, "La, nimeshika mdomo." Akaushika wa pili, akaufuata kwa kidole. Ukampeleka, ukampeleka, ukamrudisha palepale.

"Bibi," akauliza Mama Kware, "kitako kiko wapi?"

"Kilikuwa hapa sasa hivi," akasema Bibi Nungu.

Habari ikatembea. Majirani wakaja, maana jambo likiharibika, majirani hawakosi.

Tumbili alikuwa wa kwanza. "Shangazi, huu ni mfuko au ni chatu aliyekosana na mkewe? Nipe. Jambo likipinda, ligeuze." Akaugeuza ndani nje. Mpindo ukahamia kulia. Akaugeuza nje ndani. Mpindo ukahamia kushoto. Akaugeuza tena, akajikuta mkono mmoja uko ndani, mguu mmoja uko nje, na mkia wake mwenyewe umemfunga shingoni. Wakamfungua.

Ngiri akaja. "Jambo likipinda, livute." Akautundika kwenye pembe zake, upande mmoja ukafungwa kwenye kichuguu, akakimbia. Kadiri alivyovuta ndivyo mpindo ulivyokaza, hata ukawa fundo gumu kama ngumi ya bahili. Kichuguu kikainama. Mpindo haukuinama.

Kiboko akaja, anachuruzika maji. "Jambo likipinda, likalie." Akaukalia. Wote wakangoja. Kiboko akatafuna majani, akatafuna, akatafuna, akainuka. Mfuko ulikuwa bapa kama chapati. Na mpindo ulikuwa umelala katikati yake, bapa vilevile, umestarehe.

"Mto umefika wapi?" akauliza Mama Kware.

"Nimeuacha kwenye matete," akasema Kiboko.

Mama Kware hakulia. Kware halii mbele ya watu. Alikaa tu chini, akafunua mabawa yake kwenye vumbi, kama anayeatamia mayai ambayo hayapo.

Hapo ndipo waliposikia sauti ndogo ndani ya mfuko.

"Mlima gani huu usioisha?"

Wakainama. Kumbe ni siafu, peke yake, anachechemea, jasho linamtoka.

"Wewe ni nani?" akauliza Bibi Nungu.

"Mimi ni siafu wa mwisho. Wenzangu wametangulia. Nimeshika njia hii ya uzi tangu asubuhi, naambiwa mlima uko mbele, naenda tu."

"Uko ndani ya mfuko," akasema Tumbili.

"Niko ndani?" Siafu akapiga hatua. "Haya, natoka." Akatembea. Hakuruka ukingo, hakupanda ukuta, hakupita tundu. Alitembea tu, kichwa mbele, kama mtu aendaye sokoni. Punde wakamwona yuko nje.

"Umetoka," akasema Ngiri.

"Nimetokea mlango gani?"

"Hukupita mlango."

"Basi naendelea." Akaendelea kutembea. Punde yuko ndani.

"Yuko ndani," akasema Ngiri.

"Yuko nje," akasema Tumbili.

"Yuko ndani."

"Yuko nje."

Kiboko alimfuata kwa macho, ndani, nje, ndani, nje, mpaka macho yake yakagongana, akakaa chini kwa kishindo, na matope yakamrukia kila mtu. Wakaanza kucheka. Tumbili akacheka akaanguka. Ngiri akacheka kwa pua. Hata Mama Kware, msiba wote ule shingoni, alitoa kicheko kimoja kama kwikwi.

"Mabwana," akasema siafu wa mwisho, "mimi sicheki, miguu inaniuma. Nimewatembelea ujenzi wenu wote. Nyumba hii haina ndani."

Kicheko kikakatika.

"Kama haina ndani," akasema Mama Kware, "mayai yangu nitayaweka wapi?"

Bibi Nungu akauchukua mfuko. Safari hii hakutazama mdomo, wala kitako, wala ukuta. Aliurudia uzi nyuma, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka kwenye kile kiungo alipofunga ncha mbili. Uso ulikuwa umeungwa na kisogo. Akakumbuka alikuwa akitazama nini wakati ule.

"Haukupindia kote huku," akasema. "Ulipindia hapa tu. Kwingine kote unafuata tu."

"Sasa?" akauliza Ngiri.

"Nafumua."

Tumbili akashika kichwa. "Shangazi, kazi yote hii? Ukifumua watu watasema nini?"

"Watu gani?"

Tumbili akafikiri. "Sisi."

"Basi semeni huku mmeshika uzi," akasema Bibi Nungu. Akamgeukia Mama Kware. "Mwanangu, uliniuliza mara tatu."

"Mto haungoji radhi, Bibi. Fuma."

Bibi Nungu akachomoa kulabu, akavuta ncha ya uzi. Mlishawahi kuona kitu kilichofumwa kikifumuliwa? Kinakimbia. Frrrr. Uzi ukatoka kwa wingi, ukatapakaa, ukaanza kujifunga miguuni mwa watu.

"Mwenye mwili mnene azunguke," akasema Bibi Nungu.

Kiboko alikuwa bado ana kizunguzungu, kwa hiyo wakamsimamisha Ngiri katikati. Ngiri akazunguka kama pia, uzi ukajiviringisha tumboni mwake, frrrr, mpaka akawa donge lenye pembe mbili na mkia umesimama.

"Msinisahau humu," akasema Ngiri.

Bibi Nungu akaanza upya, na kila alipovuta uzi, Ngiri alizunguka kurudi alikotoka. Vuta, pitisha, vuta. Mnyororo ukarefuka, ukataka kujiviringa. Bibi Nungu akasema, "Jambo likipinda, lishike mwanzoni. Haya, kila mtu ashike kipande chake. Uso ni msuko, kisogo ni vinundu. Nikiuliza, aangalie kabla ya kujibu."

Wakaulaza mnyororo kwenye jiwe bapa. Tumbili akashika hapa, Kiboko akashika pale kwa ncha ya kidole, Mama Kware akakanyaga katikati, na siafu wa mwisho akapita juu ya mnyororo wote akikagua.

Na ninyi mlio kando ya moto, mnisaidie hapa. Nikisema "uso", semeni "juu".

"Uso?" akauliza Bibi Nungu.

"Juu," akasema Tumbili.

"Uso?"

"Juu," akasema Mama Kware.

"Uso?"

Kiboko akainama. Akaangalia kidole chake. "Hapa kwangu naona mgongo wa mbuzi."

Alikuwa amepindua. Wakanyoosha, wakauliza tena, toka mwanzo, na safari hii Kiboko alisema "juu" kwa sauti iliyowaamsha popo.

Mngedhani sasa Bibi Nungu ataziunganisha ncha. Hakuunganisha. Mnyororo mtupu ni mwembamba, hujigeuza ukipepesa jicho. Aliuacha umelala hivyo hivyo, akafuma mstari mmoja juu yake, kwenda tu bila kuzunguka, mpaka ukawa mpana kama utepe. Utepe ukijipinda, hata mlevi anaona. Ndipo akazileta ncha mbili pamoja.

"Uso?"

"Juu," wakasema wote.

Akaunganisha. Chini ya kiungo likabaki pengo dogo kwenye mnyororo, kwa sababu ya ule mstari uliotangulia. Mama Kware akaliona. "Bibi, na hapo?"

"Mkia wa uzi upo kwa kazi hiyo," akasema Bibi Nungu. Akauchukua ule uzi uliobaki mwanzoni, akalishona pengo kwa mishono miwili, likatoweka.

Halafu akazunguka. Alipofika alikoanzia, alikuta alikoanzia. Hakumwangalia mtu. Alitabasamu tu ndani ya miiba yake.

Tone la kwanza la mvua likaanguka kwenye pua ya Kiboko.

Vuta, pitisha, vuta. Ngiri alizunguka mpaka akaona wake zake wote, na alikuwa na mke mmoja. Siafu wa mwisho alisimama kando, anatikisa mguu.

"Mimi sasa niende," akasema.

"Hukusikia nilivyoapa?" akasema Bibi Nungu. "Siafu wa mwisho hapiti hapa kabla mfuko haujakwisha. Kaa. Utanivunjia neno langu."

Siafu akakaa.

Bibi Nungu akatafuta ukingo wa chini. Ulikuwepo, chini. Akauziba. Akatafuta mdomo. Ulikuwepo, juu. Akapitisha uzi wa kufungia. "Siafu, ingia ukague."

Siafu akaingia. Wakangoja. "Niko ndani," akasema siafu. Wakangoja tena. "Bado niko ndani. Hapana pa kutokea. Nitoeni, nimeridhika."

Wakakimbia bondeni. Maji yalikuwa yameshafika kwenye majani ya kiota, na Mama Kware aliingia mpaka magotini. Akayasukuma mayai kwa kifua, moja moja, Tumbili akayapokea kwa mikono miwili, akayalaza ndani ya mfuko. Yote yakaenea. Wakautundika mfuko kwenye pembe za Ngiri, siafu wa mwisho akapanda juu ya fundo.

Sasa, Ngiri alikuwa mwenye nguvu, lakini alikuwa ametoka kuzunguka kama pia. Akaambiwa mlima uko mbele, yeye akaona milima mitatu, akachagua wa katikati. Akaenda kushoto, mfuko ukayumba kulia. Akaenda kulia, mfuko ukayumba kushoto. Alipofika kwenye jiwe lenye utelezi alikwenda mwendo ambao hauna jina, akageuka kichwa chini miguu juu, na mfuko ukapaa ukazunguka hewani ukarudi kwenye pembe zake.

Mama Kware alifunika macho kwa mabawa.

"Bado niko juu ya fundo," ikasema sauti ndogo. "Na fundo bado limefungwa."

Wakafika kileleni. Nyuma yao mto ulipita bondeni kama ng'ombe waliotoroka, ukachukua matete, ukachukua majani, ukachukua kiota. Siafu wa mwisho akashuka, akawaaga, akachechemea kuwafuata wenzake. Bibi Nungu akahema. Neno lake lilikuwa limesimama, ingawa lilisimama kwa mguu mmoja.

Mama Kware akalegeza fundo la mfuko. Akasikia kitu kinagonga. Ganda moja lilikuwa na ufa.

Akaogopa. Akadhani limepasuka njiani. Hakuthubutu kuchungulia, akauliza tu, kwa sauti ya chini, neno lililokuwa limemkaa kinywani tangu kwenye lile jiwe bapa.

"Uso?"

Kichwa kidogo kilicholowa kikachomoza kwenye mdomo wa mfuko, kina kipande cha ganda juu yake kama kofia ya Kobe.

"Juu," kikasema.

Wenye hekima wanasema kazi iliyopinda mwanzoni hainyooshwi kwa kuirefusha, na mkono unaofumua si mkono ulioshindwa. Mimi nasema hivyo hivyo, maana ndivyo nilivyoambiwa nikiwa mdogo kama ninyi, na aliyeniambia alikuwa na kulabu mkononi. Jongoo, kwa habari yenu, bado anangoja soksi za nusu nyingine. Ukimwona barabarani amejikunja, usimguse. Miguu yake inasikia baridi.

Hadithi yangu nimeifunga fundo. Ikiwakaa vizuri, ivaeni mwende nayo nyumbani. Ikiwabana, nirudishieni kesho niifumue.

Mahindi yameiva. Chukueni. Na mkishasahau Tumbili, na Ngiri, na Kiboko, na mimi pia mkinisahau, tafadhali wanangu, kumbukeni hili moja tu: kabla hujaunganisha ncha mbili, utazame uso.